Bango la Pelagia na Misumari Mitupu

Mpaka leo mtu akitaja neno bango mbele yangu, moyo unanipasuka. Mimi Hyasinta ndiye niliyemfundisha Pelagia Masatu kutengeneza lile bango lake, kwa hiyo niacheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wambea wa mtaani kwetu Bweri.

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa mpiga taipu kwenye kituo kidogo cha utafiti wa samaki hapa Musoma. Pelagia alikuwa karani wa furu. Alfajiri anashukaga mwaloni Makoko, mitumbwi inapofikia, na mizani na daftari, anachambua furu kutoka kwenye nyavu za watu, anaandika aina na idadi. Mimi na wewe tunaona furu ni furu, visamaki vya miba. Yeye alifundishwa na mama yake huko Suguti kuwatambua kwa rangi ya tumbo na umbo la meno. Nilikuwaga namtania, "Dada Pelagia, hawa wote si mboga tu?" Ananitazama kama nimemtukana mzazi.

Ndiyo miaka ya ruksa hiyo. Sabuni zimerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, lakini maofisini watu wanapunguzwa. Kitengo cha furu kilikuwa na mtu mmoja tu, naye ana watoto wanne na mume aliyekwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Bwana Clementi, mkuu wa kituo, akamwita mbele yangu akamwambia, "Mama, mwezi ujao wataalamu wanakutana hapa Musoma. Kila kitengo kitatundika bango, na mwenye kitengo atalieleza. Wakubwa watapita waangalie nani abaki, nani aende. Jitahidi."

Wiki ile ile akaniletea bango lake. Weee! Alikuwa ameunganisha karatasi tatu za manila kwa uji wa muhogo, halafu amenakili daftari la miaka kumi na miwili kwa kalamu ya biki, herufi ndogo kama chawa.

"Dada, huu ni waraka wa Mtume Paulo?" nikamuuliza. "Nani atasimama asome yote haya? Watu watapita na kikombe cha chai mkononi!"

Akakasirika. "Nisipoandika yote watasema sikufanya kazi."

Mimi nilikuwa nimechapa maelekezo ya mkutano mara tatu kwa karatasi ya kaboni, yakaniingia kichwani. Nikamkalisha. Kichwa cha bango kisomeke kutoka mlangoni. Jambo liwe moja. Picha zizidi maneno. Simama pembeni usilizibe kwa mgongo, na wala usiwasomee kama katekista, waeleze kwa dakika tano. Nikaongeza la kwangu, "Watu wa kwetu wakinunua samaki wanataka kumwona. Na wewe waonyeshe."

Kesho yake akaja na mlango wa kabati lake mwenyewe, kaung'oa! Amepigilia misumari ishirini na saba, na chini ya kila msumari jina la aina moja ya furu kutoka daftari la mwaka themanini. "Hawa wote niliwashika kwa mkono wangu hapo Makoko," akasema. "Nitamtafuta kila mmoja, nimkaushe, nimtundike."

Alitafuta wiki tatu. Hakuna mtumbwi wa Makoko ambao hakuinama ndani yake. Akaenda mpaka Suguti, akalala kwa ndugu zake, akapekua mitungo ya samaki wakavu jikoni kwa bibi zake. Kila mvuvi anamwonyesha sangara, sangara, sangara, yule yule anayemla furu. Aliporudi ofisini kwangu alifungua kitambaa, mkatoka furu watano.

"Wengine wako wapi?" nikauliza.

"Hakuna wengine."

Nilidhani ananitania. Akakaa sakafuni na nyundo mkononi. "Hyasinta, mdogo wangu, kwenye daftari naandikaga sifuri, kesho tena sifuri, naona ni kazi tu. Sasa nashika nyundo ndiyo naona. Wameisha!" Akalia. Kwa aibu nasema: nilimshauri ajaze misumari kwa samaki wengine wowote, nani atajua. Alinikemea mpaka nikainama. "Unataka nidanganye mbele za watu?"

Siku ya mkutano, ukumbi wa kanisa ulijaa mabango yenye mistari inayopanda na kushuka. Zamu ya Pelagia ikafika. Badala ya kueleza, akaanza kumpa mkono mgeni mmoja mmoja. Habari za safari, habari za nyumbani, watoto hawajambo. Watu thelathini! Bwana Clementi anaangalia saa, mimi nyuma natamani nimvute gauni. Dakika tano zote zikaishia kwenye mikono. Alipomaliza akasimama pembeni ya ule mlango wa kabati, furu watano na misumari ishirini na miwili mitupu, akasema, "Mnisamehe. Kwetu habari ya msiba haitolewi kabla ya salamu."

Profesa mmoja kutoka Dar es Salaam akamwambia kwa upole, "Pole, mama. Naona muda haukutosha kumaliza kutundika."

"Nimemaliza, Profesa."

Mungu wangu! Nilimwona yule Profesa akihesabu misumari kwa midomo, kisha akavua miwani. Mama mmoja wa Kizungu akagusa msumari mtupu, akauliza kupitia mkalimani hapa alikuwepo nani. Pelagia akamwambia: tumbo la njano, mgongo mweusi, anabeba watoto wake mdomoni. Akagusa mwingine, akaambiwa. Akagusa wa tatu, akaondoa mkono akauweka kifuani. Mimi niliyeliona bango kwa wiki nzima nilisimama mdomo wazi kama nimeliona leo.

Likawa bango la kwanza kati ya yote. Walipiga makofi, walipiga picha, wageni wakaomba kuondoka nalo, wakapewa. Nikamkumbatia Pelagia nikapiga kigelegele. "Umepona, dada! Kazi unayo!"

Jumanne iliyofuata Bwana Clementi akaniwekea mezani barua ya kuchapa. Nikaanza bila kufikiri, vidole vinakwenda. "Kufuatana na ushahidi uliotolewa na Mama Pelagia Masatu mwenyewe, samaki aina ya furu hawatoshi tena kuhitaji kitengo. Kitengo kinafungwa na nafasi ya karani wake inafutwa." Vidole vikaganda. Nikasoma tena. Nikaingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Bwana Clementi! Aliyeleta habari za msiba ndiye mnayemzika?"

Hata hakupandisha sauti. "Hyasinta, wakubwa wameuliza swali moja. Kama samaki hawapo, anahesabu nini? Bango lilieleweka vizuri mno."

Nikarudi nikaichapa. Na mimi nina watoto, na ile orodha ya wanaopunguzwa ilikuwa haijafungwa. Niiteni mwoga, ni haki yenu.

Pelagia aliisoma amesimama mlangoni, daftari kwapani, magamba bado mikononi. Nilingoja apige kelele, anitukane, achane karatasi. Aliikunja mara mbili.

"Majina yote wameyachukua," akasema. "Yapo kwenye bango."

"Ndiyo, dada."

"Sasa akirudi mmoja siku moja, nani atamtambua?"

Akaniwekea daftari juu ya meza, akatoka. Nililifungua nikitafuta cha kumjibu, nikakuta majina na tarakimu, na sikujua hata jina moja lilikuwa la samaki gani.