Mbuzi Aliyezuia Chombo Kung'oa Nanga

Nimekimbia vita mara moja tu maishani mwangu, na siku hiyo nusura tufe wote kwa sababu ya mbuzi aliyekwisha kuliwa miaka tisa nyuma.

Ndiyo, mbuzi. Hujasoma vibaya.

Mwaka ni 1992, kisiwani Koyama, saa nne asubuhi. Tulikuwa watu thelathini na mmoja kwenye mashua ya Ghalib, wengi wetu wa Kismayo, tunakwenda Kiunga upande wa Kenya. Habari zilikuwa zimeshafika kwamba wenye bunduki wako Fuma, kisiwa jirani, wanapora kisiwa baada ya kisiwa. Na maji yalikuwa yanakupwa. Nusu saa nyingine, mashua ingekaa mchangani nasi tungebaki kuwangoja kama wageni wa harusi.

Sasa, Ghalib alikuwa na sharti lake. Kabla ya kung'oa nanga, abiria wote watakane radhi. Na kwake radhi haiombwi kwa jumla, unataja ulichokosa.

"Chombo hakibebi kinyongo," alisema. "Baba yangu alibeba kinyongo mara moja, na hakurudi."

Basi wachu, ndio watu kwa Kibajuni, wakaanza kumwaga yaliyo moyoni. Nassor muuza maziwa alikiri kwamba alikuwa akitia maji. Mteja wake Zubeiri akamjibu, "Tulijua. Tulikuwa tukinywa kwa huruma." Mimi Shee nilimwomba radhi shemeji yangu kwa kumsema kwamba anakoroma kama jenereta. Watu walicheka mpaka mashua ikayumba, na bunduki ziko Fuma.

Wakabaki wawili.

Wa kwanza ni Bi Zaituni, Mbajuni wa Koyama aliyeolewa Kismayo, ulimi wembe. Wa pili ni jirani yake Bi Mariam, mshonaji, miaka sabini na mbili, Mpokomo wa Tana aliyekuja mjini na mumewe fundi na kubaki baada ya mume kufa. Mtaa mzima Mkristo alikuwa yeye peke yake. Vikongwe hawa hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa.

Kisa tulikijua, au tulidhani tunakijua. Mbuzi wa Bi Zaituni aliingia kwa Bi Mariam akatafuna kitabu cha nyimbo alichoachiwa na marehemu. Alianzia za Krismasi akamalizia za mazishi. Bi Mariam alipokwenda kulalamika, Bi Zaituni alicheka akasema, "Basi nitamsikiliza, huenda akaimba."

Hapo ndipo walipoacha kusemezana.

"Haya, Bi Mariam," Ghalib alisema. "Maji yanatoka."

Bi Mariam alikaza macho kwenye furushi la nguo zake. Yaliyokuwa moyoni mwake alinihadithia mwenyewe miaka mingi baadaye, ndiyo maana nayajua.

Alikuwa na siri. Siku tatu baada ya kile kitabu, yule mbuzi alirudi kwake, akasimama mlangoni kama anayedai kitabu cha pili. Bi Mariam akamshika pembe, akampeleka kwa mchinjaji Bakri, akasema ni wake. Kisha roho ikamsuta, akapeleka bakuli la mchuzi kwa Bi Zaituni kupitia jirani mwingine.

Tangu siku ile Sala ya Bwana ilimshinda. Akifika pale pa kusamehe na kusamehewa, anaruka. Miaka tisa anaruka, na umri unakwenda, magoti hayapigiki tena, majina ya wajukuu yanampotea. Aliogopa atakufa na sala yenye tundu.

Lakini akiri vipi? Hapa kuna Waislamu thelathini, na Mkristo ni yeye. Watasema, kumbe dini ya Bi Mariam ni ya wizi wa mbuzi. Maisha yake yote aliilinda ile dini kama mtu anayebeba mayai sokoni.

Bakri, mchinjaji yule yule, alikuwa amekaa nyuma yake. Hakuwa na habari hata kidogo. Alimgusa bega akamwambia, "Mama, sema tu. Wewe ni mchu wa Mungu, utakuwa umekosa nini?"

Aliniambia maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Akasema moyoni, Bwana, mimi nimezeeka, heshima yangu ilinde wewe. Akainuka kwa kushika bega la Bakri.

"Zaituni, nalimla mbuzi wako. Mchuzi ule ulioletewa ulikuwa ni yeye. Naomba radhi."

Bakri alifungua mdomo akasahau kuufunga.

Mabega ya Bi Zaituni yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Nalijua, Mariam. Mbuzi wangu nimjue akiwa hai nisimjue kwenye bakuli? Nimekusamehe. Nami nisamehe kwa kukucheka, mama. Kitabu cha marehemu si cha kuchekwa."

Wakashikana mikono. Sisi tukaanza kushangilia, tumepona.

"Ngojeni," Bi Zaituni akasema. "Nami nina langu. Mbuzi hakuwa wangu. Nalikuwa nimepewa nimtunze. Nikamwambia mwenyewe kwamba amekufa baharini."

"Mwenyewe nani?" Bakri aliuliza.

Bi Zaituni akageuka polepole kumtazama nahodha.

Jamani.

Ghalib aliachia usukani. "Yule mweupe? Wa akika ya mwanangu, wa kuchinjwa siku ya kumpa jina?"

Thelathini tulimtazama mtu mwenye sharti la kinyongo, na kinyongo kilikuwa kinampanda usoni mbele yetu. Maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Mkewe Thuraya, amempakata mtoto wao wa pili, alisema taratibu, "Baba Ilyas, samehe. Ilyas ana miaka tisa, na jina analo."

Ghalib alirudisha mkono kwenye usukani.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini hata bakuli moja hamkuniletea."

Tulishuka wanaume wote kusukuma mashua, tunacheka tukikosa nguvu, mpaka ikaelea.

Nje ya mwamba, Bi Mariam alianza Sala ya Bwana kwa sauti. Alipofika pale pa kusamehe hakuruka, akapasema mara mbili. Halafu, kwa uzee, mwisho wake ukampotea kabisa. Akabaki amekodoa macho. Bi Zaituni akamfinya mkono akasema, "Amin," na mashua nzima tukaitikia.

Kiunga tulifika salama.

Wazee wenzangu mnaosoma hapa, najua tunavyosema tukifika umri huu: yaliyopita tumwachie Mungu, yeye anajua. Ni kweli, anajua. Lakini mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe hajui.