Mdhamini Kutoka Pito

Kutoka Tabora nilipanda treni hadi Mpanda, nikalala pale, kisha basi likanipandisha nyanda za juu za Ufipa kwa vumbi na baridi. Sumbawanga nilishuka natetemeka, sina hata sweta. Kesho yake nikaanza kazi: msaidizi wa maktaba.

Mkutubi, mama mpole wa sauti lakini mkali wa kanuni, alinifundisha namba zinazobandikwa mgongoni mwa kitabu ili kila kimoja kirudi rafuni mwake. "Maktaba si ghala," alizoea kusema. "Kitabu kisichotoka kimefungwa jela." Kusoma mle ndani kulikuwa ruhusa kwa wote, na wanafunzi walijaa hadi madirishani. Kuazima kulitaka mdhamini, mkazi anayefahamika, atakayejibu kitabu kikipotea.

Hapo ndipo Kabula alipokwama. Alikuwa mama kijana wa Kisukuma, familia yake ikifuga ng'ombe ng'ambo ya kijiji cha Pito, naye akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Kushinda mjini hakuweza, ana watoto na mifugo. Asipoazima, mtihani ungempita. Wenyeji aliowaomba kule Milanzi, kata mojawapo ya mji, walimjibu kwamba wafugaji hawana kwao, leo hapa, kesho Katavi. Nikajitolea mimi. Mkutubi akakataa: mfanyakazi hamdhamini msomaji.

Mzee Deo, mkulima wa Pito aliyekuja siku za soko kusoma magazeti, alikuwa akitusikiliza.

"Binti, wewe si wa boma lile la mtoni?"

"Shikamoo, babu. Ndiyo."

"Ng'ombe wenu wamekula ulezi wangu. Sasa mnataka na vitabu?"

"Vitabu nitakula mimi, babu. Ng'ombe hawajui kusoma."

Mzee alicheka hadi akakohoa, akaomba kalamu asaini udhamini. Alimweleza Mkutubi kwamba siku ya ulezi ule, mume wa Kabula alikuja mwenyewe kuomba radhi na kulipa, kabla hajaitwa. Watu wa namna hiyo, alisema, hawapotei na kitabu.

Na vitabu havikupotea. Kabula alifaulu masomo yote isipokuwa hesabu, akajiandikisha kurudia.

Vijana mnaoingia kazi hii, namba za rafuni mtazizoea upesi. Kumfahamu msomaji kunataka kukaa, na mimi miguu yangu haijawahi kutulia. Siku nilipokabidhi funguo, Kabula alikuwa mezani akigongewa muhuri kitabu cha hesabu. Akauliza begi lililokuwa mlangoni ni la nani. Nikamwambia ni langu, naenda Songea, sirudi.

Alinitazama, akatabasamu.

"Kumbe anayehama ni wewe, kaka. Sisi tumeshapanda miparachichi."