Chumba cha Mdogo Wangu Kule Guangzhou

Mimi ndiye niliyemleta mdogo wangu Dubai. Nalisema mapema kwa sababu kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, niliyoirudia moyoni kila nilipokuwa peke yangu katika chumba cha mgeni nikivua foronya. Nilikuwa na miaka mitatu katika hoteli moja ya Al Rigga, nikisafisha vyumba kumi na sita kwa siku, wakati yeye alikuwa amemaliza shule na kukaa tu nyumbani Machakos. Nilihangaikia viza yake, nikampokea uwanja wa ndege, nikamgawia nusu ya kabati langu katika chumba tulichokaa wanawake sita. Haukupita muda akapata kazi katika duka la vitambaa la mama mmoja wa Mombasa, hapo hapo mtaani kwetu Deira. Mwaka haujaisha, mama yule akamchukua kwenda naye China kununua mali.

Picha ya kwanza iliingia simuni mwangu nikiwa nakula chakula cha mchana, chini kabisa ya hoteli yetu, kwenye kile chumba kisicho na dirisha wanamokula wafanyakazi. Ilikuwa picha ya dirisha. Vioo vyake vilikuwa vya rangi, bluu, njano na kijani, ndani ya fremu ya mbao iliyochongwa, na rangi hizo zilikuwa zimemwagika sakafuni. Ya pili ilikuwa ya kitanda. Chini yake aliandika, "Dada, kitanda hiki kinatosha watu watatu na nimelala peke yangu."

Niliikuza kwa vidole viwili. Kona ya shuka upande wa kushoto haikuwa imebanwa sawasawa. Nikamwandikia hivyo. Alinitumia picha ya bafu.

Aliporudi, wenzetu chumbani walimkalisha kitandani aeleze. Alieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Hoteli ilikuwa katika mji wa zamani, kwenye mtaa ambao ghorofa za juu zimejitokeza mbele na kushikwa na nguzo, watu wakapita chini yake bila kunyeshewa. Haikuwa hoteli ya matajiri, alisema, wala ya wachuuzi wa kubanana. Ilikuwa ya katikati. Zamani nyumba ile ilikuwa ya mfanyabiashara wa chai, na waliokuja kuigeuza hoteli waliacha matofali yake ya kijivu na ngazi zake za mbao. Mimi nilikuwa napiga pasi sare yangu, nimewapa mgongo. Sare ilikuwa imeshanyooka zamani.

Kilichonichoma hasa ni pale alipoanza kusema "hoteli yangu." Hoteli yangu wanatoa uji wa wali asubuhi. Hoteli yangu wananijua. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa hoteli katika ukoo wetu. Nilijua uzito wa godoro, nilijua doa la divai hutolewa kwa kitu gani, nilijua mgeni analala upande gani kwa kuangalia tu mto. Lakini sikuwa nimelala hotelini hata siku moja maishani mwangu. Yeye, ambaye nyumbani alikuwa haambiwi kutandika kitanda mara moja akasikia, alikuwa amelala humo safari tatu.

Safari ya nne madam wake, yule mama wa Mombasa, aliumwa goti, ngazi zikamshinda. Akasema binti hawezi kwenda peke yake, atafute mtu wa kuandamana naye. Likizo yangu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimepanga kwenda nyumbani, lakini mdogo wangu alinijia na maneno haya: "Dada, twende wote. Na wewe ulale mara moja, watu wengine wakutandikie."

Alilisema kwa upendo. Nalijua sasa, na nadhani hata siku ile nililijua. Nikamjibu, "Nitafikiria," kama mtu aliyealikwa mahali pengi.

Tulifika Guangzhou mchana wa mvua. Kijana wa mapokezi alipomwona mdogo wangu alisimama, akamwambia kitu kwa Kichina, naye akamjibu kwa Kichina, maneno matatu au manne, wakacheka. Mimi nilisimama kando na masanduku. Tulipewa chumba kile kile cha picha. Dirisha lilikuwa zuri kuliko kwenye simu. Kulikuwa na birika dogo na kopo la chai, ndara mbili za kitambaa zilizofungwa kwenye karatasi, na bafu ambalo ukuta wake mmoja ulikuwa wa kioo kitupu, kiasi kwamba aliyekaa kitandani angemwona anayeoga. Mdogo wangu alicheka sana aliponiona nimeduwaa, kisha akashusha pazia lililokuwa limejificha juu ya kioo. Alijua lilipo. Hata hilo la pazia liliniuma.

Nilipita chumbani nikikagua. Nilipangusa kidole juu ya fremu ya mlango, hakikutoa vumbi. Nilifunua godoro. Shuka ilikuwa imebanwa pande zote, tena vizuri.

"Dada," akasema, "uko likizo."

Asubuhi ya pili niliamka, nikatandika kitanda chetu kwa mkono wa kazini. Mhudumu alipokuja na toroli lake, mama wa makamo mwenye nywele fupi, alikitazama kitanda, akanitazama mimi, akakivuruga chote. Kisha akakitandika upya mbele yangu. Pale ambapo mimi hukunja kona mara moja, yeye alikunja mara mbili na kupitisha kiganja chini, ikatokea pembe iliyochongoka kama ya bahasha. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba kazi yangu ni hiyo hiyo. Hakuamini mpaka nilipovua foronya moja na kuivisha tena kwa mtikiso mmoja tu wa mikono. Hapo alinipiga begani na kutoa kicheko. Ile ndiyo nusu saa pekee katika safari ile ambayo sikumwonea mtu wivu.

Siku ya tatu nilifanya nililolifanya.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kabla ya kupambazuka. Kulikuwa na muuzaji wa hariri bandia ambaye mali yake hugombaniwa, na alitaka kufika kabla ya wanunuzi wengine. Alivaa gizani asiniamshe. Nilimsikia, nikajifanya nimelala. Aliondoka na simu ndogo yenye laini ya kule, ile ya Dubai akaiacha mezani ikichaji. Saa tatu asubuhi ikalia. Alikuwa madam wake. Dubai ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ametoka kuswali.

"Yuko wapi mwenzio?" akauliza.

Mbele yangu palikuwa na sinia la uji, yai la chumvi na maandazi meupe ya mvuke. Mdogo wangu alikuwa ameagiza niletewe juu, ili nisishuke peke yangu mahali nisikojua lugha. Nililiona sinia lile. Nikasema, "Bado amelala, madam."

"Saa hizi? Huko si saa tatu?"

"Ndiyo. Na jana pia alichelewa."

"Haya," akasema, akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Ningeweza kumpigia papo hapo nikasema nimekosea, kwamba nilidhani amelala kumbe katoka. Badala yake nilikula uji. Nakumbuka ulikuwa mtamu, na nakumbuka nilijiambia kwamba sikusema kitu kikubwa, watu huchelewa kuamka, hakuna anayefukuzwa kwa usingizi.

Alirudi karibu saa sita, amelowa jasho, na vipande vya vitambaa vya mfano begani. Alikuwa amepata mali yote aliyotumwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akampigia madam, akaweka simu mezani kwa sauti ya wazi ili mikono yake iwe huru kupanga vile vipande.

"Umeamka?" madam akamuuliza.

"Naam?"

"Usingizi umekwisha? Nimekutuma kwenda kulala mimi?"

Mdogo wangu aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara, anasoma, anaelewa, anapita. Kisha akainamia simu. "Samahani, madam," akasema. "Sitarudia." Akaendelea kumweleza bei, upana wa kitambaa na siku ya kupakia.

Alipomaliza aliingia kuoga, akashusha pazia. Nilingoja atoke aniulize. Alitoka akasema mvua imekatika, twende nikuonyeshe sehemu ya kununulia viatu vya mama. Ndivyo zilivyokwenda siku tatu zilizobaki. Alinionyesha maduka ya samaki wakavu na mizizi ya dawa, alinivusha barabara akinishika mkono, alinitafsiria. Hakunionyesha uso mbaya hata mara moja, na mimi sikufungua kinywa.

Tuliporudi Dubai, haikupita wiki akaambiwa safari ijayo ataenda mpwa wa madam. Yeye abaki dukani. Alinipa habari hizo akikunja nguo zake, sauti yake ya kawaida kabisa. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Ilinijaa kifuani kama maji ya moto siku ya baridi. Nikaenda kazini nayo. Nilikuwa chumba cha tano au cha sita, natandika, nikajikuta nakunja kona mara mbili na kupitisha kiganja chini kama yule mama wa kule. Nikakaa kwenye kitanda cha mgeni, jambo lililokatazwa, na nikalia kwa aibu mpaka msimamizi wangu akagonga mlango akasema, "Yalla, yalla, haraka, mgeni anafika."

Ijumaa baada ya swala nilikwenda dukani. Mdogo wangu alikuwa mapumziko. Madam alikuwa ameketi juu ya stuli, mguu umeegemezwa kwenye bunda la kitambaa, anapima pazia kwa mikono. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote: aliondoka saa ngapi, alikwenda wapi, na kwamba nilisema uongo nikiwa nakula chakula alichoniagizia yeye.

Hakuacha kupima. "Amekutuma?" akauliza.

"Hapana. Hajui kama nimekuja."

"Yeye hakunambia neno."

"Najua, madam."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu refu njiani, juu ya uchovu na kutojua lugha. Sikulitoa. "Nilimwonea kijicho," nikasema.

Alikunja kile kitambaa, akakiweka chini. "Wewe ni mkubwa wake. Ungekuwa mtu wa nje ningekuelewa." Akavuta mguu wake, akaubadilisha. "Mwambie Jumatatu aje na pasipoti yake. Na wewe, mwanangu, kwa muda hivi usinikanyagie dukani."

Jioni nilimweleza mdogo wangu. Wenzetu walikuwa wametoka, tulikuwa wawili tu.

"Nilijua tangu siku ile," akasema.

"Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, dada? Kwamba dada niliyekwenda naye ni mwongo? Angetuonaje sote wawili?"

Nikaomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na kwa wiki nzima tuliongea ya lazima tu, maji yamekatika, zamu yako ya kupika, mama amepiga simu. Nililala kitanda cha chini na yeye cha juu, na kila alipogeuka chuma kililia, nami nilihesabu hilo kuwa ni jibu, ingawa lilikuwa geuko la mtu aliyelala tu.

Siku ya safari yake niliomba kubadilishana zamu nikamsindikiza. Tulipanda metro pamoja, tumesimama, begi kati yetu. Kwenye uwanja wa ndege alisimama kwenye foleni na kundi la wafanyabiashara aliokuwa akisafiri nao, wanawake wa Tanga na Zanzibar wenye maboksi, wengi wanamjua, wanamwita kwa utani. Alikuwa amevaa koti jipya. Nilimtazama, na kijicho kile kile kikaamka, kama vile sikuwa nimelia wala kuomba msamaha. Niliogopa kukaa nacho kimya.

"Bado nakuonea wivu," nikamwambia.

Aligeuka. Nilidhani atakasirika. Alinipa pasipoti yake nimshikie, akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Najua," akasema kutoka kule chini. "Sogeza begi, foleni inakwenda."