Ugoro Ulivyonitenga na Mke Wangu

Naitwa Simiyu. Nina miaka ishirini na tisa, na kazi yangu ni kupakia magunia ya mahindi hapa Kitale. Mke wangu, Nanjala, anaishi nyumbani kwetu Mabanga, karibu na Bungoma. Zamani, Jumamosi haikupita bila mimi kufika kwake, hata mgongo ukiuma namna gani.

Ugoro nilionjeshwa na wenzangu kazini. Walisema unaondoa njaa na kutia nguvu. Kwa miaka minne niliuweka chini ya mdomo asubuhi, mchana na jioni. Fizi zikageuka nyeupe, zikatoka vidonda. Kisha nguvu za kiume zikaisha. Niliamka kila siku mwili umelala tu, kama si wangu. Nikifika nyumbani, nasingizia uchovu. Mwishowe nikaacha kwenda kabisa.

Hamu ya kumwona Nanjala ilinitesa. Nilikuwa nikisikiliza ujumbe wake wa sauti kwenye simu mara tatu, mara nne, lakini nilikiogopa kitanda chetu. Yeye akaamini nina mwanamke mwingine Kitale.

Vile vidonda ndivyo vilivyonipeleka hospitali. Daktari, mama mpole, aliniuliza maswali, nikajikuta nimemwambia yote. Akapima damu yangu, asubuhi mbili tofauti. Homoni ya kiume ilikuwa chini sana kwa kijana.

"Siwezi kuapa ni ugoro peke yake," alisema. "Lakini tumbaku inaweza kuvuruga homoni, hata kama huvuti moshi. Acha, halafu tupime tena."

Kuacha hakukuwa rahisi. Kichwa kiliuma, nikamkasirikia kila mtu. Wiki ya tatu nikaenda Mabanga, nikamkuta Nanjala akipalilia maharagwe. Nilimweleza palepale shambani. Aliweka jembe chini.

"Si ungeniambia tu," akasema. "Mimi nimelia miezi saba juu ya mwanamke mwenye hata hayuko."

Baada ya nusu mwaka vipimo vilipanda, na mwili ukarudi. Mtoto bado hatujapata, tunamngoja. Namshukuru Mungu, yule daktari, na mke wangu aliyenisubiri.

Kijana mwenzangu, ukiona mwili umebadilika, achana na ugoro, nenda upimwe. Na umwambie mtu wako mapema. Mimi homoni zangu zimerudi. Ile miezi saba tuliyopoteza ndiyo naijutia mpaka leo.