Farasi Aliyefichwa Miguu

Mchora mabango mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kivuli kwa sababu kila herufi aliyoandika aliitia kivuli, hata pale bango lenyewe liliposema tu "Usitupe Taka Hapa", alikuwa na siri. Haikuwa siri ya kumpeleka mtu jela wala ya kuvunja ndoa. Alikuwa hajui kuchora miguu.

Mnacheka. Chekeni, lakini mnisikilize. Uso alikuwa anauchora mpaka mwenyewe anadhani yuko mbele ya kioo. Mabega, mikono, pua, hata ndevu za siku tatu, alizipatia zote. Akishuka chini ya kiuno, kwisha habari yake. Balaa lilianza alipokuwa kijana, siku aliyochora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Miguu ilitoka kama vinu vinne vilivyopangwa mstari, na mwenye bucha akacheka mpaka akakalia ndoo ya maji bila kujua. Kivuli hakubishana naye. Alikwenda zake, akarudi na kopo la kijani, akachora nyasi mpaka tumboni kwa ng'ombe.

"Huyu ni wa malisho mazuri," akasema, uso mkavu.

Mwenye bucha akafurahi kweli kweli. Tangu siku hiyo nyasi zikawa ndugu yake. Timu ya mpira aliichora imesimama nyuma ya ua. Kinyozi alipewa vichwa vitupu, na hiyo ilikuwa haki yake. Mshona nguo alichorewa gauni linaning'inia kwenye hanga, na fundi viatu akapata kiatu kimoja kisicho na mwenyewe. Miaka thelathini na nne Kivuli alikula kwa ujanja huo, na hakuna aliyewahi kumshika.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mtu anakwenda asubuhi, anarudi na bango lake kabla chai haijapoa, lina rangi zote na watu wenye meno meupe kupita kiasi. Brashi za Kivuli zikaanza kukauka kwenye kopo. Hapo ndipo mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alipojitokeza kumsaidia. Mkwe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kijana mwema, hana hila, na utani pia hana.

"Baba, njoo Jumatatu usimamie kaunta ya rangi," akamwambia. "Aproni yako ipo tayari. Kuuza rangi na kupaka rangi ni kitu kimoja tu."

Kitu kimoja! Kivuli alirudi nyumbani amevimba. "Yaani mimi nimkabidhi mtu kopo, halafu akapake yeye?" akamwuliza mkewe. "Mimi?"

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu. Hakutaka hotuba. "Mzee wangu, na hicho kitabu chako kimefikia wapi?"

Maana kulikuwa na kitabu. Kwa miezi miwili Kivuli alikuwa amejifungia chumba cha nyuma anachora kitabu cha picha cha watoto, kurasa kumi na mbili za karatasi nzito, na habari yake ilikuwa ya farasi. Sasa niambieni, mtu asiyejua miguu anakwendaje kuchagua farasi? Na si farasi wa kulala, bali farasi anayevuta mkokoteni wa maji huku ndoto yake ni kushinda mbio. Si angechora samaki? Si konokono yupo? Lakini Kivuli alimwona farasi mara moja tu utotoni, akivuta mkokoteni, akamfuata mbio mpaka kona ya mwisho, na tangu hapo alimtaka huyo tu. Kazi ya mabango ilikuwa ya kuwachorea watu vyao. Hiki kitabu kilikuwa cha kwake.

Shule ya chekechea iliyokuwa mtaa wa pili ilitaka kuchapa kitabu kimoja, nakala mia mbili, watoto waende nacho nyumbani. Mwalimu mkuu alikubali Kivuli aje Ijumaa kusoma chake mbele ya darasa.

"Basi tukubaliane," mkewe akasema. "Wakikipenda, endelea kuchora, mimi sitatia neno. Wakikikataa, Jumatatu unavaa aproni, na sitaki kuona mdomo umevutwa hapa."

"Mdomo wangu una shida gani?"

"Tangu zije zile mashine umekuwa mrefu kuliko wa kuku. Haya, umekubali?"

Akakubali. Angefanyaje?

Ijumaa hiyo Kivuli alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani na miwani iliyofungwa uzi shingoni, alimwonyesha kiti kidogo cha watoto. Magoti yakamfika kidevuni. Mbele yake, kwenye mkeka, watoto thelathini walikaa mkao wa kula.

"Mimi si mteja wako, Mzee Kivuli," mwalimu akamwambia. "Wateja wako ndio hao."

Kivuli akaanza kusoma, na ukweli usemwe, alikuwa anajua kusimulia. Farasi akiongea, aliongea kwa puani. Mwenye mkokoteni akigomba, watoto wa mstari wa mbele walirudi nyuma. Kurasa tatu zilipita, darasa zima limetulia tuli, na moyoni Kivuli alikuwa ameshaivua aproni na kuikanyaga. Ndipo mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa msichana aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Wenzake walimwita Pengo, na yeye aliitika bila kinyongo.

"Babu, miguu yake iko wapi?"

"Imo ndani ya nyasi, mjukuu wangu."

Akafunua ukurasa. Farasi alikuwa amesimama ndani ya bwawa. "Na hapa?" Pengo akauliza.

"Imo ndani ya maji."

Akafunua tena, haraka kidogo. Farasi alikuwa nyuma ya ukuta. Ukurasa uliofuata alikuwa nyuma ya magunia. Sasa hakuna aliyesikiliza hadithi tena. Kila ukurasa ukifunuliwa, watoto thelathini waliinama kwa pamoja kuchungulia chini, kisha wakapiga kelele, "Hamnaaa!" Kivuli alitoka jasho. Akajipa moyo kwamba ukurasa wa mbio utamwokoa, maana pale alikuwa amemaliza ufundi wote: uwanja umejaa watu, bendera zinapepea, farasi katanua pua. Na chini yake, kuanzia tumboni, vumbi tupu.

"Hamnaaa!"

"Farasi akikimbia sana miguu haionekani," Kivuli akasema. Bado alikuwa anajitetea, jamani.

"Na alipolala mbona ilifunikwa gunia?" Pengo akauliza. "Huyu hana miguu. Atashindaje?"

"Miguu! Miguu! Miguu!" darasa likaanza kuimba, na wengine wakapiga mkeka kwa viganja.

Mwalimu mkuu akanyanyua mkono, wakanyamaza. Akavaa miwani, akakitazama kitabu kuanzia mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kisha akamtazama Kivuli. "Chora miguu hapo ubaoni, mzee wangu, tumalize kesi."

Kivuli akainuka na chaki. Alichora kichwa, shingo, mgongo na tumbo kwa mkupuo mmoja, na watoto wakasema aah. Halafu mkono ukagoma. Visingizio alikuwa navyo, tena vya kutosha: chaki ni mbovu, macho yamechoka, ubao unateleza. Alifungua mdomo achague kimoja, kikatoka kitu kingine kabisa.

"Sijui," akasema. "Sijui kuchora miguu. Sijawahi kujua. Miaka yote hii nawadanganya watu kwa nyasi."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alimwona mwalimu anafungua mdomo, akajua hapo ndipo kitabu kinapokufa.

"Mimi sijui kuchora mikono," sauti moja ikatoka nyuma. Alikuwa mtoto mnene mwenye sandali za plastiki. "Nikichora mtu namtia mikono mfukoni."

"Mimi masikio," mwingine akasema. "Nawavalisha kofia."

"Mimi nikichora mama, nachora mlango umefungwa. Mama yuko ndani."

Loo! Kumbe darasa zima lilikuwa la matapeli watupu. Kivuli alicheka mpaka chaki ikamtoka mkononi. Pengo ndiye hakucheka. Alimshika yule mnene mkono, akamvuta mbele, akamwambia ainame nyuma yake na amshike kiuno. Pengo mwenyewe akainama mbele, mikono kifuani. Hapo pakawa na farasi, mradi usitazame juu.

"Babu, sisi tuna miguu minne," Pengo akasema kwa taabu, kichwa kikiwa chini. "Usitazame ubao. Tutazame sisi."

Kivuli akachuchumaa. Na kweli hakuwahi kutazama. Tangu siku ya bucha alikuwa ameishia kiunoni, kama vile chini ya hapo dunia imefungwa. Aliona goti linavyotangulia na kisigino kinavyobaki. Aliona soksi moja imeteremka, nyingine haipo. Aliona kidole gumba kinachungulia kwenye sandali. Akachora alichokiona, polepole, akifuta, akirudia, huku farasi wake akilalamika kwamba mgongo unauma. Alipomaliza alisogea pembeni. Ubaoni alisimama farasi mwenye kichwa cha kifalme na miguu minne ya watoto, miwili ya mbele imevaa viatu vyeusi, miwili ya nyuma sandali za plastiki.

Pengo akaruka. "Viatu vyangu! Ana viatu vyangu!" Baada ya hapo hakuna aliyesikika. Watoto walijipanga foleni, kila mmoja amenyanyua mguu wake, wengine wakidondoka, na Kivuli akapangusa macho akidai ni vumbi la chaki.

"Nitakichapa," mwalimu mkuu akasema juu ya kelele zile, na yeye alikuwa na sauti ya kuziweza. "Lakini nyasi zote zifyekwe. Bwawa likaushwe na ukuta ubomolewe. Nakupa wiki mbili, na nataka miguu kila ukurasa."

Kivuli alipofika nje ya geti alimpigia simu mkwewe.

"Mkwe, Jumatatu sitaweza. Nimepata kazi ya kufyeka."

"Kufyeka, Baba?" Mkwe aliingiwa na wasiwasi kweli. "Kwa umri huo? Wapi? Nikutumie panga?"

"Ninalo," Kivuli akasema, akakata simu, akacheka peke yake njia nzima.

Lakini nyumbani hakukuwa na darasa. Jioni hiyo hiyo alimwambia mkewe asimame, aweke mikono mezani, apandishe gauni kidogo na anyanyue mguu mmoja nyuma kama anayekimbia.

"Mzee, una akili timamu? Nimesimama kwenye beseni la mashuka tangu alfajiri."

"Ukurasa wa tatu tu, Mama. Farasi anavuta maji."

"Yaani mimi ndiye farasi?" Alisonya, lakini alipandisha gauni, akanyanyua mguu.

Kivuli akachuchumaa sakafuni na penseli. Alichora goti, akashuka na muundi. Alipofika juu kidogo ya kifundo akasita. Palikuwa na kovu pana, linang'aa, limezunguka nusu ya mguu.

"Hili la nini?"

"La maji ya moto. Pipa la kufulia lilipinduka kazini."

"Lini?"

"Mwaka ule mtoto alipoanza shule."

Mtoto mwenyewe sasa ana mume na duka. Kivuli alihesabu miaka akachoka. Roho ilimuuma, ikamuuma kweli, na penseli ikabaki hewani. "Sikuliona," akasema.

"Ungelionea wapi, na macho yako hayashuki chini ya kiuno?" mkewe akajibu, akicheka, mguu bado uko juu. "Chora basi, nitaanguka."

Akachora. Alichora mguu, na alichora kovu, kwa uangalifu aliokuwa akiupa herufi kubwa za mwanzo. Mkewe akageuza shingo kuchungulia, na kicheko kikamwisha.

"Usiliweke hilo kwenye kitabu. Watoto watauliza."

"Waulize," Kivuli akasema, na akaendelea kuchora.