Maksai Aliyetega Sikio

Msimu wa pamba wa mwaka 1964 ulikuwa mwema kuliko yote ninayoikumbuka Ushirombo. Malori yalipanga foleni mbele ya ghala la ushirika, na juu ya mojawapo akaja kijana wa Kizaramo, Salehe Akida, na makopo yake ya rangi. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya malori kwenye ubao wa nyuma. Malori yakaondoka, yeye akabaki. Miaka michache baadaye lilikuwa jambo gumu kupata duka au mgahawa ambao mkono wake haukuupitia.

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, naye Salehe hakuiacha haki hiyo ilale. Alituita wajomba wa ng'ombe. Nasi tulimwuliza kama kwao yupo aliyewahi kushika jembe.

Mwishoni mwa miaka ya sabini Mzee Telesphori Maige, katekista mstaafu, alikuwa akiandika kitabu. Tulipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa kwa mistari, shikome, yaani ule moto wa kando ya zizi ambapo wazee waliwafunda vijana, ulizimika karibu katika kila kaya. Telesphori alizikusanya ngano za moto huo, akaazimia kuzichapisha kwa gharama yake mwenyewe katika kiwanda kidogo cha misheni, nilikokuwa mpanga herufi. Macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka kitabu kisomwe angali anaweza kuwaona wanaokisoma.

Jalada ndilo lililomsumbua. Karani mmoja alimchorea mwenge na jembe, kwa ustadi kabisa. Telesphori akaupeleka mchoro huo sokoni ili aujaribu, na kila aliyeutazama akamwuliza mkutano wa chama ni siku gani.

Nilimshauri aende kwa Salehe, naye akasita. Kazi iliyomla miaka mingi angeikabidhije kwa mtani, mtu ambaye kwa desturi hana ruhusa ya kumstahi? Mwishowe tulikwenda pamoja.

"Shikamoo, Baba Justina," alisema Salehe. "Nasikia Msukuma ameandika kitabu. Kalamu uliishika kwa vidole au kwa kwato?"

"Marahaba. Wewe chora tu, Mzaramo. Kusoma tutakusomea."

Hakuchora siku hiyo. Aliomba asomewe kitabu chote kwanza, na kwa juma zima alikwenda kila alasiri uani kwa Telesphori, akisikiliza, akimkatiza kwa matusi ya utani, akinywa togwa ya mkewe, Mama Justina. Kisha akachukua kipande cha tairi, kama kile cha kushonea viatu vya katambuga, akakichonga kwa kisu cha fundi viatu, nasi tukakipaka wino na kupiga chapa ya kwanza.

Palikuwa na moto, na vigoda kuuzunguka. Kigoda kimoja kilikuwa kitupu, kimemwelekea msomaji. Mzee alikuwa akisimulia. Nyuma ya bega lake alisimama maksai mkubwa, ametega sikio kuliko binadamu wote waliokaa pale.

Telesphori aliisogeza karatasi karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akaisogeza tena. Nilidhani tumeharibu.

"Huyu ng'ombe umemtoa wapi?"

"Mama Justina ameniambia. Kabla hujapata mtu wa kukusikiliza, uliwasomea maksai wako. Nimemweka aliyetangulia kukusikiliza."

Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema jalada ni hilo.

Kitabu kilipotoka, watu waliokuwa wakisubiri kupima pamba walimcheka maksai yule, wakataka kujua anasikia nini, na waliojua kusoma wakawasomea wengine. Telesphori alisimama pembeni akiwatazama. Macho yalikuwa bado yanamtosha.

Alifariki mwaka 1983. Salehe, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa Rwamgasa akiandika vibao vya migahawa ya wachimbaji, alifika kabla ya maziko. Jeneza lilipoletwa, aliingia kaburini kama ilivyo haki ya mtani, akaketi, akatangaza kwamba hatoki mpaka Wasukuma wasomewe, maana mwenye kuwasomea ameshalala. Akafungua kitabu, akasoma ngano moja kutoka chini humo. Watu walicheka huku wakilia. Alipomaliza alipanda juu, akampa Justina, binti wa marehemu, kile kitabu, na jeneza likateremshwa.

Asubuhi iliyofuata Salehe, Mwislamu wa swala tano, aliandika jina la Telesphori Maige kwenye msalaba kwa rangi nyeusi, na chini ya jina akachora sikio la maksai. Aliosha brashi yake, akapanda lori la Geita.

Sikupata kumwona tena.