Mashine Haikumsikia Bhoke

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau: siku niliyopiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, mimi mwanamume mzima, mwalimu, mvaa viatu, na wanawake wa kijiji chetu cha Susuni wakashika mbavu kwa kicheko. Nikisimulia leo damu bado inanichemka kama ya kijana. Sogea nikueleze.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda, na kichwani mwangu hakukuwa na kitu ila maswali. Mzee akisema mvua imezuiwa, nauliza imezuiwa na nani, kwa kamba gani. Katekista akihubiri, nainua mkono kanisani. Wazee wa kwetu wakanipa jina: Kwa Nini. "Kwa Nini amefika," walisema nikitokea kwenye pombe, "ficheni majibu!" Nami nilijivuna. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema, na mimi nilidhani nimewapita wahenga wenyewe.

Nilimwoa Bhoke, binti wa kijiji cha Nyanungu, msichana wa kucheka hata akibeba kuni. Mwaka wa pili tukapata mtoto wa kike, Nyangi. Alikaa nasi miezi miwili, homa ikamchukua asubuhi moja kabla sijarudi na mganga wa zahanati. Zamani zile kichanga hakikuliliwa siku nyingi. Watu walikuja, wakaketi, wakasema, "Mtapata mwingine," wakarudi shambani kupalilia wimbi.

Bhoke naye akarudi kwenye kazi zake. Kila alfajiri alikwenda uani kwenye jiwe la kusagia, yeye na wanawake wa boma letu, wakapokezana kusaga wimbi na muhogo. Nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini, wimbo mrefu usioisha. Sikusikiliza maneno. Niliona tu jinsi anavyokonda, mikono imeota sugu, nikapiga hesabu zangu za kisomi: mwanamke huyu anauawa na jiwe!

Basi kulikuwa na mashine ya kusaga iliyofunguliwa njia ya kwenda Sirari. Ilinguruma hadi ng'ombe wakakimbia. Nikafunga debe la nafaka nyuma ya baiskeli, nikarudi na unga laini kama vumbi la chaki. Nilifurahi mno! Na ili mke wangu asishawishike tena, nikalibingirisha lile jiwe mpaka zizini, nikatia chumvi kwenye kishimo chake, ndama walambe. Maendeleo, mwanangu. Niliyaona kwa macho yangu.

Bhoke aliupokea ule unga, akautia chunguni. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuzaa.

Wiki ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaacha kufagia. Ya tatu akawa anakaa mlangoni tangu jua kuchomoza, uji ukapoa mkononi. Nilifanya nini? Nikamfundisha. Nilimchorea mbu ardhini kwa kijiti, nikamweleza jinsi malaria inavyoingia kwenye damu, nikamwambia watoto wengi hufa hivyo na kwamba huzuni haibadilishi kitu. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Kisha akasema: "Baba Nyangi, nimechoka kuamka."

Nilidhani ni uvivu. Ndiyo, usinitazame hivyo. Chuo kizima kichwani, na nilidhani ni uvivu! Nikamkaripia. Kesho yake nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kitenge. Alisema anarudi kwa baba yake Nyanungu, na alivyosema, sikuwa na hakika kama angefika huko au angeishia njiani, mtoni.

Hapo akili zikanitoka, nikamkimbilia shangazi yangu Robhi, dada mkubwa wa baba, aliyekaa boma la pili. Mwanamke mfupi, mdomo mkali kuliko panga.

"Shikamoo, shangazi."

"Weka shikamoo yako hapo chini kwanza. Jiwe liko wapi?"

"Liko zizini. Ndama wanalambia chumvi."

"Ndama!" Alipiga makofi. "Umemwuliza nani?"

"Shangazi, mashine inasaga debe zima kabla hujamaliza kukohoa."

"Na Bhoke alipoieleza habari za mtoto wake, mashine ilimjibu nini?"

Nikatazama viatu vyangu. Mimi, Kwa Nini!

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mwanamke wa Susuni alilijua na hakuna kitabu kilichonifundisha. Kwenye jiwe, mwanamke huimba kinachomuuma. Akimlalamikia mume, mume husikia na hamkaripii. Akimtaja mama mkwe, mama mkwe hukohoa tu na kupita. Neno la kwenye jiwe halina kesi. Kila alfajiri Bhoke alikuwa akimwimbia mtoto wake pale, na wenzake wakimwitikia. "Ulimwona anasaga," shangazi alisema, "kumbe alikuwa analia mahali panaporuhusiwa. Wewe ukapafunga. Unaiuliza mvua, unamwuliza Mungu, unawauliza Wazungu. Mkeo umemwuliza nini, mura, kijana wangu?"

Mwanangu, nilitoka mbio. Nikawafukuza ndama, nikalisafisha jiwe kwa maji na majani, nikalibeba kifuani hadi uani, nusura linivunje kidole. Kisha, sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwaga wimbi, nikapiga magoti, nikaanza kusaga mwenyewe. Kwetu mwanamume hakai pale, sembuse kusaga. Wanawake wakaja kutoka kila upande.

"Njooni muone! Mwalimu anasaga!"

"Leo mtu atakula kokoto!"

"Mura, usilipige, halijakukosea!"

Wimbi likaruka huku na huku, kuku wakafanya sherehe. Jasho linanitoka, nimepauka kwa unga mpaka kope. Na hapo nikasikia sauti nyuma yangu, kavu kama ya mtu aliyetoka safari:

"Unashika vibaya."

Alikuwa Bhoke, kile kifurushi kwapani. Akakitazama kile nilichosaga, na ghafla akacheka. Akacheka, jamani! Kicheko kikamgeuka katikati kikawa kilio, akaanguka magotini kando yangu, akanipokonya lile jiwe dogo la mkononi, akaanza kusaga na kusema. Alisema alfajiri ile mtoto alikuwa wa moto, naye akamfunika blanketi mbili akidhani ana baridi. "Nilimfunika mimi. Nilimuua mimi kwa mikono hii."

Miezi yote ile alibeba hilo peke yake! Nami nilikuwa nikimchorea mbu.

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba si kweli, kwamba homa ile haiui kwa blanketi. Shangazi Robhi, aliyekuwa amenifuata, akanikanyaga mguu, nikafunga mdomo. Bhoke akasaga, akasema, wanawake wakaitikia "ee, mama, ee". Alipotulia tu ndipo nikamwuliza, "Mtoto alikuangaliaje asubuhi ile?" Akanieleza. Na mimi, ambaye sikuwa nimemlilia binti yangu hata chozi moja, nikalia mbele ya wanawake wa kijiji kizima, na hakuna aliyecheka.

Usidhani alipona siku ile. Kifurushi kilikaa kimefungwa siku tatu. Zilikuwapo asubuhi nyingine za uji kupoa, na wanawake wa boma walipeana zamu asibaki peke yake. Lakini alikula. Mwaka uliofuata alibeba kuni huku akicheka tena, na tulizeeka pamoja.

Basi sikia nasaha yangu, na uihoji ukitaka. Mimi sijaacha kuhoji. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya moyo yamo kwenye methali hiyo kama ya tumbo. Mwenzio akinyamaza, usiwahi kumpa jibu. Mwulize, kisha uvumilie kusikia. Usimwondolee mtu kitu kwa kudhani unamsaidia kabla hujajua kinamfaa nini. Akikuambia amechoka kuamka, usimwite mvivu, wala usimwache peke yake hata kidogo: ita watu, mpelekeni hospitali. Siku hizi wapo waliosomea kusikiliza, washauri nasaha, na mume na mke waliogombana hadi wakasahau sababu wanaweza kwenda kuketi mbele yao. Nendeni! Hakuna aibu. Na wewe mwanamume, usidhani machozi yako yatakauka yenyewe. Yangu yalikuwa yananigeuza jiwe na sikujua.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mke au mume wa kuzeeka naye, na majirani wasiokimbia siku mbaya. Kila anayelala chini ya paa lako aamke akiitamani kesho.